Samaki ya kule kwenye mbao

Kavira mudogo wangu,

Huku Kyavinyonge ziwa imetulia, mais roho yangu hapana. Jana muchana nilikula tilapia kwa mama mumoja mwenye anapikaka pembeni ya maji. Ilikuwa na mafuta, tamu kabisa, na bugali ya moto. Nikamusifu. Akacheka: "Hii njo ya kule kwenye mbao! Chini ya maji kuko mashua kubwa ya mizigo yenye ilizama. Samaki banapenda kulala ndani."

Nikamuuliza ni mashua ya nani.

"Nani anajua? Haina jina. Mais bavuvi bote banajua pale iko."

Bote banajua! Na sisi, tangu Papa apande mashua ya mizigo huku na asirudi, mara ngapi tulitoka Butembo kuja kuuliza? Kila mara: hatukuonaka kitu. Kumbe baliogopa tutatoa mbao na samaki itakimbia. Sisi tukazika mugomba pahali pa mwili yake, na Mama akaulilia kama mutu.

Sijue kama ni mashua ya Papa. Nilienda tu kwa mukubwa wa bavuvi, nikamuomba ubao moja, tuiweke pale tulizika mugomba. Alinisikiliza vizuri, akaingia ndani, akatoka na tilapia mbili zenye kufungwa na majani, ubao hapana.

Unikumbatilie Mama sana. Na akikutuma samaki ya huku kwa soko, umwambie imeisha.

Yaya yako,
Masika