Hakimu Mstaafu na Mkeka wa Mechi Kumi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana mechi ni Jumamosi na mimi mwenyewe sijui kama nitafika Jumapili.

Nina miaka themanini na moja. Nilikuwa hakimu, na hadi leo majirani na hata muuza maziwa wananiita Mheshimiwa. Moyo wangu umechoka; daktari amenieleza bila kupindisha kwamba dawa sasa ni za kunipunguzia maumivu tu. Ninaishi kwa binti yangu, fundi cherehani, katika chumba cha nyuma, na mlio wa cherehani yake ndio saa yangu. Nisikudanganye, nakuandikia nikiwa na furaha, na hiyo ndiyo aibu yenyewe!

Miaka miwili iliyopita mume wa binti yangu, fundi wa friji, alizama kwenye kubeti hadi akauza mitungi yake ya gesi na mashine ya kulehemu, binti yangu akafungasha nguo aondoke. Niliitisha kikao. Nikakaa kama enzi zile, miwani puani, nikamhoji, nikammwagia Kiswahili cha mahakamani, kisha nikaandika kwa mkono wangu hati ya ahadi kwamba hatabeti tena maisha yake yote. Akatia sahihi huku analia. Mimi nikatia sahihi kama shahidi. Na wakati huohuo, mshauri, simu ilitikisika mfukoni, timu yangu ilikuwa imefunga bao, nikajikaza nisitabasamu!

Nimebeti miaka kumi na minne. Mke wangu alifariki akiamini kwamba kwenye simu nasoma magazeti. Nilijiambia mimi si kama wengine, mimi ni msomi, nimejiwekea kiwango, nikikifikia naacha, na kweli kila nilipokifikia nilijiwekea kingine.

Wiki mbili zilizopita mkwe alikuja kunitengenezea feni, akasogeza mto apitishe waya, akaiona simu, na ndani yake mkeka ambao nilikuwa sijautuma, yaani mechi kumi nilizobashiri kwa pamoja, ambazo ikikosa moja zote zimeharibika. Nikasubiri anitukane. Badala yake akainama, macho yakawaka.

"Mheshimiwa, hii ya sita umekosea. Hao ugenini hawafungi."

"Hawafungi?"

"Wana mshambuliaji gani, Baba? Weka sare."

Nikaweka sare. Na sare ikawa! Tangu hapo anapitia kila asubuhi akielekea kazini, anafunga mlango, tunanong'ona kama watoto wanaoiba sukari, na nakiri kwamba sijafurahi hivi tangu mke wangu aondoke. Mechi tisa zimetimia. Tisa! Imebaki moja. Binti yangu anamwambia kila anayekuja kunijulia hali, "Baba ana nafuu, siku hizi anacheka na mkwewe."

Jana mkwe akaniuliza, "Baba, huu ukitiki tukala hela, wiki ijayo tunaweka mechi ngapi?" Nikatazama begi lake la vifaa, limesinyaa. Nikamuuliza kipimo cha gesi kiko wapi. Akasema amemwazimisha rafiki. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema mwanzo kuhusu mitungi.

Niseme, au nife nalo? Nimefikiria kuacha barua waifungue baada ya mazishi. Na mkeka je, nisubiri Jumamosi ipite kwanza?

Mimi, Mheshimiwa wa chumba cha nyuma

JIBU

Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekusalimu kwa heshima zote, sasa niruhusu nikugombeze.

Pole kwa moyo wako. Furaha yako naielewa: mgonjwa wa chumba cha nyuma amepata mtu wa kunong'ona naye. Lakini mkwe wako angekuja hata bila mkeka? Hujui, kwa sababu hujawahi kumwita kwa jambo lingine.

Eti usubiri Jumamosi! Umesikiliza washtakiwa wangapi wakiomba kesi iahirishwe? Unaogopa mkeka uchanike, mkose hela. Mimi naogopa utiki. Ukichanika, mkwe wako atauza kifaa kimoja zaidi. Ukitiki atauza vyote, maana atakuwa amethibitishiwa na Mheshimiwa mwenyewe kwamba inawezekana.

Na hiyo barua ya baada ya mazishi, ichane. Hiyo nayo ni kubeti: unabashiri kwamba utaondoka kabla hawajakuuliza. Binti yako atabaki na maswali, na wa kuyajibu hayupo.

Wapo wanaocheza kwa hela ya soda, wakishindwa wanacheka na kwenda kulala. Hao hawafichi simu chini ya mto. Kiwango kinamfaa anayeweza kusimama. Wewe umekisogeza miaka kumi na minne. Wewe si wa kupunguza, ni wa kuacha, na mkwe vivyo hivyo.

Sasa fanya hivi, leo, kabla cherehani haijanyamaza. Mwite binti yako, mweleze mbele ya mumewe, mwanzo hadi mwisho. Usijipunguzie kosa. Kisha iandikieni kampuni ya kubeti ifunge akaunti zenu na isizifungue hata mkibembeleza. Simu akae nayo binti. Matokeo ya Jumamosi nyinyi wawili msiyajue. Mwambie daktari wako pia, usimfiche kwa aibu: ugonjwa huu una msaada, na hospitalini wapo washauri wanaousikiliza kila siku bila kushangaa. Mkwe aende wiki hii, na asiende peke yake.

Jumamosi mechi ikianza utatamani, naye atatamani. Saa hiyohiyo mwite chumbani. Msimulie kesi zako za zamani, mcheke kwa hilo.

Halafu itoe ile hati. Najua unayo, hakimu hatupi karatasi. Chini ya ahadi yake kuna nafasi. Andika ahadi yako hapo, tia sahihi, kisha mpe kalamu mkwe wako. Safari hii shahidi ni yeye.