Gari ya Bibi Harusi Imekataa Kuwaka

Kiminini, Kitale
Jumatatu, Agosti 2004

Kwa mkwe wangu Eliakim Wekoye,
Mabanga, Bungoma.

Salamu nyingi kwako, kwa mama Edah, na kwa huyo kijana wenu Hillary ambaye karibu atakuwa kijana wangu pia, kama sitabadilisha mawazo kabla ya Jumamosi. Natumaini mko wazima, mahindi yanakauka vizuri na ule mguu wako unaouma wakati wa baridi umekupa nafasi ya kulala. Sisi huku ni wazima wote isipokuwa mimi, niliyejaa hasira mpaka chai inakataa kupita kooni. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwa simu wewe utacheka, na ukicheka mimi nitacheka, halafu hasira yangu itaharibika kama maziwa. Nimeiweka kwa karatasi na kumpa jirani yangu Kiarie, ambaye anakuja huko Chwele kutafuta ng'ombe, akuletee mkononi ikiwa bado moto.

Ahadi yangu kwa Wamboi unaijua. Tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa nyuma pamoja na magunia ya viazi, nilimwambia siku ya harusi yake hatapelekwa na gari ya kukodi. Nitampeleka mimi babake, kwa hii Pijo yangu kuukuu, mikono yangu ikiwa kwa usukani, mpaka mlango wa kanisa yenu. Wasichana wengine huota pete, bana. Huyu wangu aliota Pijo. Sasa sikia maajabu. Tangu asubuhi ile wewe na mama Edah mlipotoka hapa kwangu baada ya kupanga harusi, mkikataa katakata niwarudishe Bungoma, ati hamtaki kunisumbua, gari haijawaka hata mara moja.

Niligeuza ufunguo, injini ikazunguka, ng'ee, ng'ee, ng'ee, kama mbuzi anayekataa kuingia zizini, lakini haikushika. Mke wangu Wacera akaniambia niite fundi. Nikamwambia mafundi wa mjini nawajua, unampelekea gari yenye kikohozi anakurudishia jeneza. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na mwalimu alinifukuza kwa utundu, si kwa ujinga. Nikasema nitatengeneza mwenyewe. Huyo mama akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akaenda zake kukamua.

Nilianza na betri, kwa sababu betri ndiyo kitu pekee nilichokijua kwa jina. Nikamwagia vichwa vyake maji moto, nikavikwangua na kisu cha jikoni mpaka vikang'aa. Injini ikazunguka kwa nguvu zaidi na ikakataa kushika kwa nguvu zaidi. Akaja Kiarie, ambaye ufundi wake wote ni wa baiskeli, akasema ni stata, akaipiga nyundo ili izinduke. Nikamuuliza, wewe mtu, kama injini inazunguka, stata imekosa nini hata ipigwe? Akasema kuipiga hakudhuru. Hivyo ndivyo hata mwalimu wangu alikuwa akisema.

Tukaingia kwa mafuta. Nikachomoa mpira unaoleta petroli kwa kabureta, nikanyonya, nikameza, na siku hiyo yote nikicheua Wacera alinikataza kukaribia jiko. Lakini mafuta yalikuwa yanafika. Nikatoa plagi, zikatoka zimelowa petroli. Nikazikausha juani, nikazirudisha, bure.

Halafu tukafanya ule upumbavu. Watu walikuwa wanatoka ibada, na wazee wa kanisa na suti zao wakajitolea kusukuma. Unaujua ule mteremko wa kwangu. Waliisukuma wakiimba, nikatia gia, gari ikaruka kidogo kama mtu mwenye kwikwi, ikanyamaza, ikaenda kusimama chini kabisa karibu na mto. Ilirudishwa na ng'ombe, Eliakim! Pijo yangu ikivutwa kwa mnyororo kama jembe, wazee nyuma wametapakaa matope. Wamboi alisimama langoni ameweka mikono kichwani. Aliponifikia akaniuliza kama Jumamosi ni hao ng'ombe watampeleka, na nikaona si mzaha, machozi yalikuwa karibu. Hapo ndipo hasira ilinianza.

Nikakaa chini nikafikiri kama mtu mzima. Injini inazunguka. Mafuta yapo. Kilichobaki ni moto. Nikachomoa waya mmoja wa plagi, nikamwambia Kiarie aushike karibu na chuma nikigeuza ufunguo. Akasema haoni cheche. Basi nikachomoa ule waya mnene wa katikati, unaotoka kwa koili, huo nikaushika mwenyewe, naye akageuza. Mkwe wangu, nilirushwa nikakaa kwa mavi ya ng'ombe! Lakini nilikaa nikicheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Moto unatoka kwa koili, kwa plagi haufiki. Unapotelea katikati, ndani ya kile kikombe cheusi cha kugawa moto.

Nikafungua kifuniko. Rota hakuna! Kile kidude kidogo kinachozunguka mle ndani, bila hicho moto hauendi popote. Haikuvunjika wala haikuanguka. Ilitolewa na mtu wa mikono safi, na kifuniko kikarudishwa vizuri na vibanio vyake.

Sasa niambie, ni nani Bungoma nzima, kila siku ya soko pale Chwele, huegesha Datsun yake, hufungua boneti, hutoa rota na kuitia mfukoni ili wezi wasiichukue gari, halafu hutembea katikati ya kuku na mihogo akiipapasa kama mzee mwenye tumbaku? Mwizi wewe! Umekula kuku wangu, umelala kwa blanketi yangu mpya, umeniombea kwa Mungu mezani pangu, kumbe mfukoni umebeba moyo wa gari yangu!

Nilimwendea Wacera nikipiga kelele, na Wacera hakushtuka. Alisema yeye ndiye aliyekushikia boneti, wakati mimi nilikuwa kwa shamba nikimwonyesha mama Edah kabeji. Akaniambia yote. Kwamba siku ile niliyowachukua Chwele kuwaleta hapa, nilimsukuma mtu wa baiskeli mpaka mtaroni, upande wa kushoto, yeye na kuku wake, na sikumwona. Kwamba ndipo wewe ulishika dashibodi kwa mikono miwili ukaanza kuimba wimbo wa kanisa. Nami nikadhani umefurahia safari. Nikakusaidia kwa sauti ya besi!

Nikamuuliza kwa nini wewe hukuniambia. Akasema ulisema mkwe hawezi kumwambia mkwe mwenzake kwamba haoni, ni matusi, harusi ingeweza kuvunjika. Hiyo ndiyo imenichoma kuliko waya wa koili. Kuniambia usoni ni matusi, lakini kuniibia chini ya boneti ni adabu? Mlikaa jikoni kwangu mkinijadili kama ng'ombe anayesubiri daktari. Wewe nimekujua kabla hujawa mkwe. Ungeniambia tu, bana. Ningekutukana, ungenitukana, tungemaliza.

Basi kwa kiburi nikaenda Kitale nikanunua rota nyingine, nikaiweka, na gari ikawaka kwa mguso wa kwanza. Nikapiga honi mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Nikamwambia Wacera aone sasa nani kipofu. Akasema sawa, niende mpaka barabara ya lami nirudi, yeye atasimama njiani anipungie, nikimwona atanyamaza milele.

Nilienda, nikarudi, vizuri kabisa, kama bwana harusi. Nikazima injini nikamwona Wamboi mlangoni, nikamuuliza mamake alijificha wapi, mbona ameogopa kutoka.  Wamboi akanyoosha kidole nyuma yangu. Wacera alikuwa anatembea kutoka njiani, na mkononi ameshika shuka nyeupe ya kitanda chetu. Alisimama nayo upande wa kushoto, akiipunga kama bendera. Nilimpita mara mbili, kwenda na kurudi, huyo mke wangu wa ndoa, kama nguzo ya ua. Akanifikia. Alianza kuikunja ile shuka.

Kwa hivyo nakuambia wewe, na usimwambie mtu. Jicho la kushoto limekwenda. Kwa muda nimekuwa nikisema ni vumbi tu.

Hasira yangu bado iko. Kwetu mkwe akikosea hutozwa faini ya mbuzi, lakini mbuzi wako nimewaona, mbavu zao zinahesabika kutoka Webuye. Faini yako ni hii. Ijumaa uje hapa na rota yangu mfukoni, uirudishe kwa mikono yako, na Jumamosi wewe uendeshe. Najua hakujasikika baba ya bwana harusi kuwa dereva wa bibi harusi. Wabukusu wakiuliza, waambie ni desturi ya Wakikuyu. Wakikuyu nitawaambia ni desturi yenu. Wamboi amekubali. Amesema mlango wa nyuma wa Pijo haufunguki bila teke langu, kwa hivyo bila mimi hata akifika ataolewa akiwa ndani ya gari. Na baada ya harusi mtanipeleka hapo hospitali ya Lugulu, daktari aniambie kama jicho la pili nalo lina mpango wa kuhama.

Ile rota niliyonunua nimempa Wacera. Ameificha. Sijaitafuta.

Msalimie mama Edah, mwambie kabeji zake zinamngoja, ingawa alizitazama kwa unafiki. Mwambie Hillary asipunguze kula, suti ilishapimwa. Mimi nitakaa kushoto, Eliakim, mahali ulipokaa wewe. Ukisikia nimeanza kuimba, punguza mwendo.

Ni mimi mkwe wako mwenye hasira,
Gathii, baba Wamboi