510,511 Ni Namba Tasa

Jumatatu, 9 Juni

Nimemaliza kusahihisha! Shule maalumu ya hesabu inachukua mmoja tu kutoka kwetu — na ni mtoto wa dada yangu. Kampita Mashoto kwa alama mbili. Nimempigia Dada, kapiga kelele mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

Lililomwangusha Mashoto ni swali la tisa, alama tatu. Je, 510,511 ni namba tasa? Nimelifundisha kwa mdomo wangu: zidisha namba tasa saba za kwanza, 2 hadi 17, ongeza moja. Igawanye kwa yoyote kati ya hizo, inabaki moja. Kwa hiyo ni tasa. Yeye kaandika "si tasa", na vihesabu vya penseli pembeni. Sikuvisoma. Ujuaji tu!

Jumanne, 10 Juni

Mashoto kanifuata mwisho wa kipindi. Eti nilitazame tena lile swali. Nikamwambia hapa si sokoni, hatupatani bei. Darasa zima likacheka. Yeye akasema polepole, lakini mwalimu, jaribu kumi na tisa. Nikamtoa nje.

Jumatano, 11 Juni

Nilikuwa nangoja maji ya chai yachemke. Nikachukua risiti, nigawanye kwa 19 nyuma yake, kesho nimtie adabu.

Ikagawanyika.

19 mara 26,869. Haibaki kitu. Nikarudia kwa simu — haibaki! Nayo 26,869 ni 97 mara 277.

Zile saba haziigawanyi, sawa. Lakini nani aliniambia namba tasa zinaishia 17? 19 ndiyo inayofuata, jirani wa mlango wa pili, na miaka ishirini na miwili sijawahi kumbishia hodi. Nilijaribu zile ndogo za mtindo huo, zikatoka tasa, nikaridhika. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Maji yamekauka sufuriani.

Mashoto anapata tatu. Mtoto wa dada anapoteza tatu.

Alhamisi, 12 Juni

Orodha ya matokeo sijaisaini. Mwalimu wa fizikia kasema niache alama zilivyo, nani atakaa agawanye dude lile? Dada ameshanunua sanduku la safari. La magurudumu.

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne na nusu. Mkuu wa shule anataka orodha kabla ya saa sita.

Naandika hapa hapa ofisini, mlango nimeurudishia. Mashoto yuko nje kwenye benchi na baba yake, fundi viatu, vidole bado vina gundi. Kafunga kibanda aje kuomba radhi, kasikia binti yake kambishia mwalimu. "Huyu nimeshamnyoosha, mwalimu. Tusamehe." Mashoto akatazama miguu yake. Nimekosea, mwalimu, akasema. Ni tasa.

Akanipa karatasi. Ameamriwa na baba yake kuandika mara mia, kwa mwandiko wake wa kushoto unaolalia nyuma: 510,511 ni namba tasa. Baba anaomba nisaini chini kwamba nimesamehe.

Nimewaomba dakika tano. Orodha hii hapa, karatasi hii hapa. Simu inatetemeka — Dada.

Nimehesabu mistari. Tisini na tisa imekamilika. Wa mia kaandika 510,511 tu, akaacha. Nafasi iliyobaki inatosha: ni, au si. Baba anakohoa nje. Nimefungua kalamu nyekundu.