Baiskeli za Umeme za Dama

Dama amekabidhiwa kituo kizima cha baiskeli za umeme hapa Magogoni, na ni mimi niliyemzaa! Kache mdogo wangu, hamjambo huko Kaloleni? Sisi wazima, ila joto la huku si mchezo.

Jana nimeketi kituoni nakula mahamri, mzee mmoja wa kanzu akagusisha simu yake kwenye baiskeli, ikafunguka, akapanda. Nikatupa hamri, nikamshikia kiti kwa nyuma.

"Baba, hiyo ni ya mwanangu! Mtu mzima kama wewe!"

"Mama, hizi ni za watu wote," akasema taratibu. "Mimi naiacha Nyali, na mwingine ataichukua hapo."

Dama akaja mbio na spana mkononi, akacheka hadi akakaa chini. Mzee akamwuliza, "Ndiye mamako huyu?" Kisha akanigeukia: "Hongera. Hii ilikuwa imekufa kabisa, wallahi. Mwanao ndiye aliyeifufua." Nikaachia kiti, lakini polepole, majirani wapate kusikia.

Sasa kaka yetu Karisa, aliyeapa hatakanyaga kwa Dama, eti msichana mwenye mikono ya grisi, mwambie nimemchagulia baiskeli ile ile niliyoikamata. Inajisukuma yenyewe, kwa hivyo asisingizie magoti. Dama halalamiki, ila kila jioni huniuliza, "Mjomba amesema atakuja?"

Kuku na wali wa nazi wa kumpongeza Dama napika mwenyewe. Nakukumbatia, mdogo wangu. Nawangoja nyote, Karisa akiwa mbele, Jumamosi.