Chupa Imekwama Pajani

Jumatatu, 5 Julai 1971

Nimechuchumaa na kuinuka upande mzima wa santuri tunayoiita Kiti. Upande mzima ni wimbo mmoja. Hawa wazungu hawajui kumaliza. Walipoingia kwenye kinanda nilitapika kidogo dirishani. Kuku wa jirani wakashukuru.

Kamba ya kuruka nimeiacha. Nikiruka, sindano ya gramafoni inaruka nami. Sauti nimeizima kabisa, kitufe chote chini. Lakini ukiinama karibu unaisikia sindano yenyewe ikiimba, kidogo kama mbu. Basi nikichuchumaa sikio linafika kwenye sindano, nasikia. Nikisimama, kimya. Muziki naupata vipande vipande, na paja linawaka moto.

Sababu ya mateso haya ni chupa. Ijumaa nilikuwa mlangoni pa sinema, nakata tiketi, nimevaa suruali ya khaki ya kazi. Vijana wa chupa wakaja. Kazi waliyopewa na chama ni kupima suruali za watu. Chupa ya soda inatiwa kiunoni. Ikitelemka mpaka kisiginoni umesalimika. Ikikwama, basi suruali yako ya kubana, ya kihuni, inapasuliwa kwa wembe papo hapo. Yangu si ya kihuni. Ni paja tu.

Aliyeshika chupa ni Kombo. Nimekaa naye dawati moja mpaka tulipoacha shule, nikimnakilisha hesabu. Za makosa, lakini nilimnakilisha. Leo hanijui. "We Bonge, umeficha nini humu, mchele wa foleni?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Wembe ukapita mpaka gotini. Halafu akaniambia polepole, hacheki tena: "Mara ya pili tunakuchukua. Na kwenu tutakuja, tuone unakula nini."

Kwetu. Kwenye kasha la Bibi, chini ya kanga, ziko santuri tatu za wale wazungu. Aliniachia binamu yangu Hamdani alipoondoka. Ukikutwa na muziki wa kihuni siku hizi hawakupasui suruali tu. Wanakufanya nini, sijui.

Bibi ameishona ile suruali. Fundi alishaachia mishono yote, hana tena cha kuachia. Kitambaa kipya hakuna mji mzima. Nimemwomba meneja nivae kanzu, kaniuliza kama nadhani sinema ni maulidi. Kazi siachi, ndiyo inayotulisha mimi na Bibi.

Basi kilichobaki ni kupunguza paja. Kwa mtu kama mimi si jambo. Wiki chache tu.

Alhamisi, 8 Julai

Nimefunga. Jumatatu na Alhamisi, sunna. Nani atamuuliza mtu kwa nini hali? Akili yangu kubwa kuliko tumbo langu, na hilo si sifa ndogo.

Bibi kafurahi mpaka machozi. Kaniombea dua nimesimama. Nimeona haya.

Nimeisikiliza Kiti tena. Tumeiita Kiti kwa sababu ya picha ya jalada, kiti kimesimama peke yake katikati ya bahari. Jina la kundi lenyewe refu, Hamdani alikuwa akilitamka kama mtu anayetafuna karafuu. Sisi tukiwaita Wazungu wa Kiti. Tulikuwa watatu darini kwetu: Hamdani, mimi na Kombo. Ndiyo, Kombo. Zamani niliona Kiti ndiyo bora duniani. Leo naona katikati wamejaza maji. Mpiga ngoma anapiga kama aliyefukuzwa na mbwa, hapo sawa, lakini huyo mwimbaji analalamika nini hata hajui foleni?

Jumatatu, 12 Julai

Balaa. Bibi kawatangazia wanawake wa mtaa mzima kwamba mjukuu wake kashika dini. Magharibi zikaanza kuingia sahani. Muhogo wa nazi. Shelisheli la nazi. Ndizi mbichi za nazi. Uji wa pilipili manga. Mchele hakuna, sukari hakuna, lakini nazi Unguja haijawahi kuadimika, na yote imeletwa kwangu. Futari ya mtu hairudishwi. Kila sahani nimeimaliza, kisha nikala iliyokuwa yetu.

Nikapanda juu nikalala chali kama kasa.

Sinema leo hawakuja. Kila mtu aliyeingia na kitu mkononi nilimwona kashika chupa.

Jumamosi, 17 Julai

Nimepata chupa yangu mwenyewe, naificha chini ya kitanda. Leo nimejipima. Ijumaa ile ilikwama katikati ya paja. Leo imekwama juu zaidi. Juu! Nimejishika paja, gumu kama kinu. Huko kuchuchumaa kote nilikuwa najenga, sipunguzi. Hakuna mjinga kama mimi toka Mji Mkongwe mpaka Nungwi, na huko Nungwi sijawauliza.

Kuchuchumaa basi. Nitatembea.

Nimesikiliza ya Yai nimelala, sikio kando ya sindano. Yai ni ya pili yao. Zamani niliidharau kwa sababu Hamdani aliipenda. Sasa naipenda mimi. Kuna mahali gitaa linapanda na ngoma zinashuka, zinapishana kama watu kwenye ngazi nyembamba. Wimbo huo nimeurudia mara nyingi. Nikahisi kama Hamdani yuko nyuma yangu anacheka na meno yake yote.

Hajaandika tangu aondoke. Sitaki kufikiri.

Ijumaa, 23 Julai

Naogopa. Naandika hivyo hivyo, naogopa.

Kombo alikuja sinema peke yake, hana chupa. Kasimama kando ya mlango, watu wanaingia, mimi nakata tiketi. Akaanza kuimba kwa pua. Kwanza sikushughulika. Halafu nikaujua. Kile kinanda cha ile santuri Nyeusi, ya tatu, mwanzo wake kabisa. Tiketi nikazikata mbili mbili.

"Bado unazo?" akaniuliza.

"Nini?"

"We Bonge we." Akacheka, akanipiga kofi la bega, akaenda zake.

Ananiuliza kama rafiki au kama mtu wa chupa? Nimegeuza maneno yake kila upande. "Bado unazo." Kama rafiki, kwa nini hakunong'ona? Kama mtu wa chupa, kwa nini hakunishika? Huenda anasubiri niseme mwenyewe.

Futari sikuimaliza. Bibi kaishika sahani akaitazama kama imemtukana.

Jumanne, 27 Julai

Nilikwenda Mtoni na kikapu. Santuri ndani, juu yake nimepanga mchicha. Nia yangu kuzitumbukiza kwenye magofu ya kasri, kuna shimo pale watoto hawasogelei. Nimekwenda kwa miguu njia yote ya Bububu, kila gari lililotokea nyuma yangu nililidhani limenifuata mimi.

Pale gofuni akatokea mama mmoja anakata kuni. "Umebeba nini mwanangu, mbona umeshika kama mtoto mchanga?" Nikamwambia masinia. Akasema masinia hayatupwi. Nami sikuwa nimesema natupa! Nikatokwa jasho, nikamwachia mchicha wote, nikarudi na santuri zangu kikapuni, zimefunikwa shati langu.

Ukweli ni kwamba hata bila yule mama nisingezitupa. Nilikuwa nimeitoa ya Nyeusi nimeishika juani. Ile mistari ilikuwa inang'aa. Mkono ulikataa kufunguka.

Jumapili, 1 Agosti

Sili. Si kwamba nafunga, chakula hakipiti. Kila mlango ukigongwa naweka sahani chini. Mshipi nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Ningefurahi kama ningekuwa mtu mwingine.

Bibi kanikalisha jikoni. "Dini gani hii inayomtia mtu rangi ya jivu? Sema, au nimwite mganga." Nikamwambia. Chupa, wembe, Kombo, kuimba kwa pua, santuri kwenye kasha lake chini ya kanga zake za harusi. Nilidhani atapiga kelele. Akaendelea kukuna nazi. Kifuu kikaisha nyama, yeye bado anakuna.

Halafu akauliza kitu kimoja: "Huyo Kombo si ndiye akila kwangu?"

"Ndiye."

Basi.

Jumamosi, 7 Agosti

Ya jana. Jana sikuandika.

Vijana wa chupa walikuja sinema kabla ya onyesho la kwanza. Wawili na Kombo. Wakapanga watu ukutani. Mmoja mbele yangu suruali yake ikapasuliwa mpaka kiunoni, akalia, mtu mzima na masharubu. Zamu yangu. Kombo akaitia chupa. Ilikuwa baridi. Ikapita paja. Ikapita goti. Ikatoka chini na kuvunjika sakafuni kwa sababu hakuna aliyetarajia, hakuna aliyeweka mkono.

Nilitaka kuruka. Naapa nilifungua mdomo nijisifu.

Kombo akavitazama vigae vya chupa. "Umekonda, Bonge. Mtu hakondi hivi bure. Nini kinakula roho yako?" Kisha akawageukia wenzake: "Twendeni kwao. Sasa hivi."

Basi kukonda kwangu ndiko kulikonichongea. Wametembea mimi katikati, uchochoro baada ya uchochoro, watu wanaingia ndani tukipita. Nikawa nafikiria kasha tu, kanga tu, chini ya kanga.

Mlangoni kulikuwa na harufu mbaya, kama mpira umeungua.

"Shikamoo Bi Zuhura," akasema Kombo.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Msishangae harufu, mpini wa sufuria umeniungulia." Bibi alikuwa na ushungi wake mzuri. Mikono kafunga vitambaa.

Wakapanda juu. Gramafoni wakaigeuza, wakakuta santuri ya taarabu ya Bibi juu yake, wakaiacha. Chini ya kitanda wakatoa chupa yangu. Mmoja akauliza ya nini. Nikasema ya mafuta ya taa. Akanusa, akairudisha, sijui alinusa nini. Halafu kasha. Kijana yule akafunua kanga moja, ya pili, ya tatu. Mimi nimeegemea ukuta. Akafika kwenye mbao.

Hamna.

Mbao tupu na harufu ya udi. Nikamtazama Bibi. Bibi anatazama dirisha.

Dirishani kuna vyungu vitatu vya mrehani. Jana asubuhi ule mrehani ulikuwa kwenye makopo. Vyungu vyeusi, vipana, kingo zake zina mawimbi kama kitambaa. Kombo alikuwa kasimama pale. Akaupitisha ukucha ukingoni, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia. Nikausikia ukikwaruza mistari. Kila mtu aliyewahi kulala na sikio kando ya sindano angeusikia.

Kombo akanitazama. Muda mrefu.

"Mrehani wako umependeza, Bi."

"Chukua shada mwanangu. Zamani ulikuwa huondoki kwangu mikono mitupu."

Akachuma kijiti kimoja, akakiweka nyuma ya sikio. "Hamna kitu humu," akawaambia wenzake. Wakashuka. Nimewasikia mpaka kwenye kona.

Ndipo nikakaa sakafuni. Suruali ililowa. Naandika na hilo pia.

Jumatatu, 9 Agosti

Sijafunga. Nimekula muhogo sahani mbili, Bibi kaniangalia mpaka nikamaliza.

Kanisimulia mwenyewe. Maji yachemke, santuri ilegee, uilaze juu ya sufuria iliyogeuzwa, uiminye kwa mikono kabla haijawa ngumu. Yule mama wa nyumba ya pili alikuwa akifanya hivyo na santuri zilizopasuka. Tundu la katikati la kutoa maji tayari limo. Majalada yenye picha kayachoma jikoni, kiti, yai na yote. Vidole vyake vina malengelenge. Nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ungekataa," akasema. Kweli ningekataa.

Sijui Kombo atarudi au la. Sijui kile kijiti alikitupa au anacho. Mlango ukigongwa bado nasimama.

Alasiri nilikaa dirishani na chungu cha Nyeusi mapajani. Nimechukua sindano ya kushonea ya Bibi, nikaichoma kwenye ncha ya karatasi niliyoikunja kama ya muuza njugu. Nikaigusisha ukingoni, palipobaki bapa, nikakizungusha chungu kwa mkono. Mikwaruzo tu. Tena. Mikwaruzo. Kisha kinanda. Kinyumenyume, maana nilikizungushia kushoto, na kimelewa, kinapanda na kushuka na mawimbi ya ukingo. Lakini kinanda.

Udongo ukanimwagikia suruali nzima. Bibi akaniita kutoka chini.

"Naam," nikaitika. Sindano sikuiondoa.