Barua Pepe Zilizokaa Msibani

Jumatatu, 14 Julai

Paskali,

Nimeandika jina lake halafu nikakaa. Mkono umezoea. Ndivyo nilivyokuwa nikianza ujumbe wa simu alipokuwa mnadani na nimesahau kumwagiza chumvi. Leo hakuna wa kupokea. Najiandikia mwenyewe.

Nimekamua. Nimechota maji. Ukungu umeshuka mpaka kwenye uzio, mlima Hanang hauonekani kabisa, kama kuna mtu ameuhamisha wakati tumelala.

Jana mama mkwe alininyoa nywele, akatoa majivu ya jikoni, akasema metimani, yale matengo ya nyumba iliyofiwa, imekwisha. Tangu mume wangu Paskali alipofariki, mvua za masika zikiwa bado, nyumba hii haikuingia kwa watu na watu hawakuingia kwetu. Kanisani tunasali, ndiyo. Lakini mama mkwe ni mtu wa zamani. Sikubishana. Kimya kilinifaa.

Leo mchana akaja Mwenyekiti Tarmo. Alisimama nje ya uzio, ingawa siku zimekwisha. Nikamwamkia, akaitikia akiangalia viatu vyake. Akasema kikundi kina shida, na shida yenyewe iko kwenye simu ya marehemu.

Paskali alikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa ngwara, aina ya maharage, hapa Mogitu. Barua pepe ya kikundi inafunguka kwenye simu yake peke yake. Simu ilibaki ndani ya nyumba yenye msiba. Hakuna aliyethubutu kuja kuiomba. Wazee wa kanisa wamo kwenye kikundi, mwinjilisti naye yumo. Wote wameiogopa simu.

"Tumeokoka," alisema Mwenyekiti, "lakini si sana."

Kwa hiyo simu nayo ilikaa metimani. Barua zikaendelea kuja.

Jumanne, 15 Julai

Nimepanda kilimani nyuma ya zizi. Mtandao unapatikana pale tu. Nikawasha simu. Ilitetemeka mkononi muda mrefu, kama kifaranga.

Barua hazihesabiki. Mbegu. Mikopo. Kubashiri mpira. Semina zilizokwisha kupita. Salamu za Pasaka kutoka kwa wauza dawa za mifugo. Zote zinaanza "Mpendwa Paskali". Kila mtu anamwita mpendwa. Hawajui.

Juu kabisa kuna mstari mwekundu. Nafasi imejaa. Huwezi kupokea wala kutuma.

Mwenyekiti amempigia mnunuzi wetu wa Arusha, anaitwa Upendo. Upendo amesema ametuma mkataba mara kadhaa, unamrudia. Ofisi yao hainunui kwa maneno ya simu. Wanataka jibu la maandishi, litoke kwenye anwani ileile ya kikundi. Likikosekana kufikia Ijumaa ya tarehe 25, lori linakwenda kwa watu wengine.

Ngwara ya kikundi chote iko ghalani. Wadudu wameanza kuitoboa. Ukiweka sikio kwenye gunia unasikia.

Nimeogopa. Mimi ni wa darasa la saba.

Paskali alikuwa akivaa koti la kanisani anapoandika barua pepe. Palepale kilimani, katikati ya mavi ya ng'ombe. Nilimcheka. Alisema mtu wa ofisi huwa anahisi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeandika barua kwenye karatasi kwanza. Mwenyekiti akaitisha watu ghalani waisikilize kabla haijatumwa. Hapa kwetu barua ya kikundi haitoki bila kusomwa mbele ya watu.

Kila mmoja akataka kuongeza. Mwambie mvua zilikuwa nzuri. Mwambie nyani walisumbua. Msalimie mkubwa wake. Tukabishana muda mrefu kama tumwamkie, maana hatujui umri wake. Mzee mmoja akamaliza kesi: "Weka shikamoo. Kama ni mtoto, atafurahi."

Nikaweka. Barua imegeuka karatasi mbele na nyuma. Ngwara imetajwa mwishoni.

Jumamosi, 19 Julai

Katesh. Theresia ana duka la steshenari karibu na stendi. Tulisoma naye darasa moja, yeye akaendelea. Alinikumbatia. Halafu akasoma barua yangu. Nikaona mabega yanatikisika.

"Mama Rehema, hii ni barua pepe au umekuja kuposa?"

Nikacheka. Nimeshtuka kusikia sauti yangu.

Amenifundisha. Kichwa cha habari kiseme jambo lenyewe. Salamu moja. Jambo. Shukrani. Jina na cheo. Mtu wa ofisi anasoma amesimama, alisema. Tukakata mvua, tukakata nyani. Shikamoo ikabaki, nilikataa kuitoa.

Palipokuwa na sababu ya ukimya wetu, Theresia ameandika: "kutokana na changamoto za kiufundi". Anasema ndivyo watu wanavyoandika. Nikakubali. Njiani kurudi maneno yale yalinichoma. Paskali amekuwa changamoto ya kiufundi.

Barua yenyewe haijatoka. Imelala kwenye rasimu, inasubiri nafasi. Tulifuta matangazo mchana kutwa. Nilizoea haraka. Unachagua, unafuta, unachagua, kama kupepeta. Lakini mstari mwekundu uko palepale. Theresia akasema matangazo ni makapi tu, hayana uzito. Kuna vitu vizito vimekaa chini. Akazipanga barua kwa ukubwa.

Zote zimetoka kwa Paskali. Zimetoka anwani ya kikundi na kwenda anwani ileile ya kikundi. Kichwa cha habari ni neno moja kila mara: Weka.

Ni video. Nilikumbuka palepale. Simu yake ilikuwa ndogo, haibebi vitu vingi. Alikuwa akisema barua pepe ni ghala la bure. Akipiga video anajitumia, kisha anaifuta kwenye simu. Mimi nilidhani ni za mashamba.

Sikuzifungua. Theresia aliniangalia, akageuka kufuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi. Baadaye akasema nirudi Jumatatu, atanunua flashi, tutazihamisha zote, halafu ndiyo tufute.

Jumapili, 20 Julai

Upepo. Bati la jiko la jirani limeng'oka. Ibada ilikuwa fupi. Niliimba.

Jumatatu, 21 Julai

Nguzo za umeme zimeanguka njiani. Katesh yote haina umeme. Duka la Theresia lina giza, amekaa mlangoni na flashi mkononi. Mafundi wamesema labda wiki ijayo.

Labda wiki ijayo. Ijumaa iko wiki hii.

Nimerudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilikasirika. Sikumkasirikia mtu. Nilikasirikia nguzo.

Jumanne, 22 Julai

Nimejaribu kuziteremsha kwenye simu nikiwa kilimani. Haziteremki. Mtandao ni mdogo, na simu yenyewe haina pa kuziweka. Moja tu imekubali, ndogo kuliko zote. Nyingine naweza kuziangalia tu, kwa kukatikakatika.

Nikaziangalia.

Si za mashamba. Kuna moja niko uani napura ngwara, nimefunga kitenge cha bluu ambacho kilishachanika. Sikujua kama ananipiga video. Kuna ya binti yetu Rehema akienda bweni, begi limemzidi, hageuki nyuma. Kuna ya ng'ombe wetu mweupe siku aliyozaa. Kuna moja Paskali ameshika simu mwenyewe, uso wake umejaa kioo chote, nyuma yake mlima uko wazi, anga la bluu. Anaanza kusema kitu. Mtandao unasimama. Anabaki mdomo wazi kidogo, macho yamefumba nusu. Ukungu wa kweli ukanizunguka, na yeye amesimama kwenye jua la siku nyingine. Nikasubiri. Akasogea neno moja, akasimama tena.

Nilikaa pale mpaka ng'ombe wakarudi wenyewe. Sikuwa na huzuni wakati ule. Ilikuwa kama kulala macho wazi.

Jumatano, 23 Julai

Mwenyekiti amepita. Leo ameingia ndani ya uzio. Nikamwambia nafasi bado. Akasema wanakikundi wawili wamehamisha magunia juani kupunguza wadudu. Akanywa maziwa, akaenda. Hajui habari za video, nami sikumwambia. Angesema niziache, halafu angekwenda kukaa ghalani peke yake.

Jioni mama mkwe akanifuata kilimani na fimbo yake. Akataka kujua ninaangalia nini kila siku. Nikamwonyesha ile ya mlima. Akamsalimia mwanawe kwa Kiiraqw, salamu zote, kama mtu aliyetoka safari. Paskali akaanza kusema, akasimama.

"Mbona hamalizi?"

"Mtandao, mama."

"Hata alipokuwa hai hakuwa anamaliza."

Tukacheka wote wawili. Kisha akalia kidogo. Nikamweleza nafasi, mkataba, Ijumaa. Sikujua kama nimeeleza vizuri. Aliuliza swali moja tu: kama mtu akizitoa, anamtoa mwenyewe? Nikasema sijui. Akakaa. Akaliangalia ghala kule chini, paa lake lilikuwa linaonekana kidogo.

Akasema, "Mimi nimemwona. Majivu nilitoa mimi. Haya toa wewe."

Alhamisi, 24 Julai

Nimevaa koti lake. Mikono imezidi, nimeikunja.

Nimeziangalia kila moja mara moja, kisha nikafuta. Ya ng'ombe. Ya Rehema. Ya kwangu ya kupura. Ya mlima mwisho. Leo alisogea maneno kadhaa zaidi. Alikuwa akisema, "Nikifika juu kabisa nita..." Hapo akasimama. Nilisubiri sana. Nikafuta.

Mstari mwekundu ukabaki. Nilidhani nitapasuka. Nikampigia Theresia. Akasema zilizofutwa bado zipo kwenye pipa, zinakula nafasi vilevile. Pipa lazima limwagwe. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akasema unaweza pia kuzirudisha kutoka kwenye pipa kama umebadili mawazo. Heri asingeniambia.

Nikalifungua pipa. Zote zimo, zimepangana, Weka, Weka, Weka.

Simu ikauliza kama nina uhakika. Sina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Mstari ukatoka. Hapohapo simu ikatetemeka mara moja. Tangazo la mbegu. Mpendwa Paskali.

Ijumaa, 25 Julai

Nilimpigia Upendo asubuhi. Mkataba ukaingia kabla sijateremka kilimani. Umeingia kirahisi sana, kama mtu anayepita mlango uliokuwa wazi siku zote. Nikauchukua kwa pikipiki hadi Nangwa, kuna mtu ana jenereta. Akauchapa. Mwenyekiti akasaini, mimi nikasaini mahali pa katibu. Tukaupiga picha. Nikarudi kilimani.

Rasimu ya Theresia ilikuwa inanisubiri. Ni nzuri, imenyooka. Nikaisoma mara mbili. Nikatoa zile changamoto za kiufundi. Nikaandika hivi:

"Shikamoo. Mkataba uliosainiwa umeambatishwa. Tunaomba radhi kwa kuchelewa. Katibu wetu, Paskali, alifariki. Kwa desturi yetu nyumba iliyofiwa hukaa kimya kwa muda, na barua pepe yetu ilikuwa ndani ya nyumba hiyo. Sasa tumetoka. Ngwara ni kavu na iko ghalani. Asante. Bibiana, kaimu katibu."

Sikuipeleka kwa watu kusomwa. Ni barua ya kwanza ya kikundi kutoka bila kusomwa. Nitawaambia.

Imekwenda. 

Saa kumi jibu likaja. Upendo ameandika kwamba mkataba umepokelewa. Chini yake ameacha mstari, akaandika: "Marahaba, ila shikamoo yako nimeipokea kwa aibu, mama, mimi ni mdogo wako. Paskali alikuwa akiniandikia kwa heshima sana. Nilidhani ametuacha akaenda kwa mnunuzi mwingine. Nisamehe kwa kuwaza hivyo. Poleni."

Nilimsomea mama mkwe. Akasema huyo msichana ana wazazi.

Jumapili, 3 Agosti

Lori lilikuja jana. Halikuchukua yote. Nafasi ya safari ya pili walikuwa wameshawapa watu wa Gehandu wakati sisi tuko kimya. Hakuna aliyelaumu. Magunia yaliyobaki tumeyahamishia upande wa upepo, na Upendo ameahidi kuandika mwezi ujao. Nitakuwepo kusoma.

Umeme umerudi Katesh. Theresia ameniletea flashi kanisani, tupu. Nimeipokea. Tukaiwekea ile moja iliyoteremka. Haina uso wake. Ni majani ya ngwara, kidole gumba kimeziba nusu ya picha, na sauti inauliza, "Imeshika? Imeshika hii?" Basi.

Matangazo nayafuta kila asubuhi baada ya kukamua. Hayanisumbui tena.

Leo ukungu hakuna. Mlima umerudi mahali pake. Nimepanda na koti. Nimeandika barua kutoka anwani ya kikundi kwenda anwani ileile ya kikundi, kama alivyokuwa akifanya. Kichwa cha habari, Weka. Ikaondoka, na simu ikatetemeka mara moja, ikaingia. Imekaa juu kabisa kwa maandishi meusi yaliyokoza, haijasomwa. Nimeiacha hivyo. Nafasi ipo.

Nimeandika:

Paskali,

Ngwara imeondoka, si yote. Mama hajambo. Ndama wa yule mweupe ameacha kunyonya. Rehema anafunga shule, nitampokea stendi. Koti liko kwangu.

Unikumbuke.