Uso wa Nashipae Kwenye Televisheni

Nashipae, mjukuu wangu,

Tangu uende kazi Illasit, hapa Kitengela sina mtu wa kugombeza. Sasa nakugombeza kwa barua. Herufi zangu ni mbaya, utasoma hivyo hivyo.

Unakumbuka vile ulikusanya wagonjwa wa kifafa mkaenda Kajiado kuitisha dawa? Halafu kijana wa televisheni akaja kwetu na kamera. Alitaka nini? Uanguke. "Kidogo tu, mama, watu waone." Nikamwambia, "Huyu haangukagi kwa kuagizwa. Anguka wewe." Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Akasema basi ufunikwe uso na shuka, usipate aibu. Aibu ya nini? Uliiba mbuzi ya mtu? Ukamjibu polepole, "Uso ni wangu. Piga." Mimi nilinyamaza, na unajua kunyamaza kwangu ni kazi ngumu.

Ukamletea chai. Akaishika tu, anaangalia mikono yako. Sikushangaa, hata majirani waliogopa mate yako, ati kifafa kinaambukiza. Mama Timo, jirani yetu, alikuwa amekuwekea kwake kikombe chako peke yako, hakiguswi na mtu. Nikachukua chai yako, umeshakunywa nusu, nikaimaliza mbele ya kamera. "Nimekunywa na huyu tangu akiwa mdogo," nikasema, "na mimi huanguka nikiteleza tu."

Jioni tulijaa hotelini, kwa ile televisheni ya betri ya gari. Maneno yako ya dawa waliyakata karibu yote, wakaacha mdomo wangu. Ulinuna. "Koko, nimeongea siku nzima na wameonyesha wewe ukinywa chai!" Lakini uso wako ulionekana, mzuri, bila shuka. Asubuhi mama mmoja wa ng'ambo ya barabara alikuja ameshika mkono msichana ambaye hatukujua kama yuko. Naserian. Naye ana kifafa, mama yake alikuwa anamficha ndani.

Dawa ilifika zahanati. Ilichelewa, lakini ilifika.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita Naserian alianguka kanisani, katikati ya wimbo. Hakuna aliyekimbia. Mama Timo mwenyewe alimlaza kwa ubavu, akamfungua kola, akakaa naye. Kwaya haikunyamaza. Msichana alipoamka akauliza, "Mmefika ubeti gani?" Akaonyeshwa, akaimba.

Nilitaka uwe hapo. Kula, umekonda kwenye ile picha uliyonitumia, na usinidanganye ati ni kamera.

Ni mimi Koko yako,
ambaye bado anaongea sana.